Pryor hakuwa matusi tu

Mwandishi aliyedai kuwa mashabiki wa mchekeshaji wa Marekani, Richard Pryor, wanamlilia mtu wa matusi tu hakumsikiliza Pryor. Naam, alitukana, tena sana. Lakini itazame filamu ya onyesho lake ya 1979, pale anapoigiza mshtuko wa moyo: ngumi kifuani, anaporomoka sakafuni, na moyo wake mwenyewe unamsuta kwa nyama ya nguruwe aliyokula. Hiyo ni hofu ya kufa, imeanikwa hadharani na mtu anayeijua. Ukumbi mzima unacheka kwa sababu kila mmoja anajiona pale chini.

Na kama hoja ni adabu, mbona safari yake ya Kenya imerukwa? Akiwa ameketi hotelini, aliwatazama watu weusi wakiendesha kila shughuli, akaamua kuliacha lile neno la kuwadunisha Weusi, ambalo hata albamu yake ya 1974 ililibeba kwenye jina. Uamuzi huo aliueleza jukwaani, katika filamu ya 1982.

Alipofariki Desemba 10, 2005, akiwa na miaka 65, mashabiki walimlilia mtu huyo aliyethubutu kujisahihisha mbele ya umma. Anayewabeza aitazame kwanza kazi yenyewe.