Mwacheni Kijana Amnakili Juha Kalulu
Mwandishi aliyedai kwamba kunakili katuni za zamani kunaua ubunifu wa vijana wetu hapa Eldoret amekosea, tena vibaya. Mchoraji Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wake wa katuni, katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, kwa mistari michache, na kila mstari una kazi: huu unabeba uzito wa mwili, ule unaonyesha mshtuko. Kijana anayeifuata mistari hiyo kwa penseli hujifunza la kuacha. Kisha amchore Juha huyohuyo akikimbia katika Uwanja wa Kipchoge Keino, akionekana kwa nyuma. Hapo hana cha kunakili. Lazima aujue mwili wenyewe. Anayepinga hili atuambie: pasipo mwalimu wa sanaa, vijana hao wajifunze kwa nani?