Kawawa wa Sinema

Jioni moja katika miaka ya 1990 niliingia kwenye kibanda cha video mjini Singida. Vijana walikuwa wamebanana mabenchini wakimtazama Rambo. Filamu ilipokwisha niliwauliza: ni nani aliyepata kuwa mwigizaji wa sinema, kisha akaongoza serikali ya nchi yake? Wakajibu kwa pamoja: Reagan! Nikawaambia yuko Mtanzania aliyemtangulia. Wakacheka, wakidhani nawatania.

Sikuwa natania. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, kijana mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Reagan aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981, miaka 19 baadaye.

Wamarekani hawakumwonea Reagan haya kwa sinema zake. Sisi tukimtaja Kawawa tunasema Simba wa Vita, halafu basi. Sinema tunairuka, kana kwamba ni utundu wa ujanani usiofaa kutajwa mbele ya wakwe. Kisa ni nini? Ni kwamba machoni petu msanii bado ni mhuni.

Wapo watakaosema filamu zile zilikuwa za mkoloni. Ni kweli, serikali ya kikoloni ilizitengeneza pamoja na kampuni ya Afrika Kusini, ili kutufundisha namna ya kuishi. Lakini nyuso zilikuwa zetu na lugha ilikuwa yetu. Tena kijana yule yule aliyesimamishwa mbele ya kamera ndiye aliyekuja kusimama mbele ya wafanyakazi kudai haki zao. Je, kuzoea kutazamwa na umma hakukumfunza lolote? Mimi sikubali.

Nami sijitoi lawamani. Mwanangu alipotaka kujiunga na kikundi cha maigizo, nilimkatalia kwa ukali. Nilimwambia atafute kazi ya watu wazima. Habari za Kawawa nilikuwa nazijua siku hiyo hiyo, na sikuzikumbuka.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, tukamzika kwa heshima. Tulimzika kiongozi. Mwigizaji tulikwisha kumzika zamani, kila mmoja nyumbani kwake, kila tulipomwambia mtoto aache upuuzi.