Tunaiombea Klabu Ishindwe

Wako wenzetu wanaoona kuwa ni fedheha kubwa klabu ya watu wazima kushindwa vibaya na timu ya shule. Klabu ya ridhaa ikicheza kriketi na wanafunzi, ikatolewa yote mapema, watu hucheka juma zima. Sisi twaona kicheko hicho kimekosea njia. Mtu wa klabu ya ridhaa hucheza siku ya mapumziko, amechoka na kazi ya duka, ofisi au shamba. Mwanafunzi hukimbia kila jioni. Akimshinda mjomba wake, asisemwe. Ndiyo maana tulimpeleka shule.

Fedheha iko kwingine. Iko kwa klabu isiyoweza kushindwa na watoto kwa sababu haijapata kuwafundisha.

Tukumbuke mchezo huu ulivyokaa kwetu. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja mbali na mwenzake. Viwanja vilifuata njia hiyo hiyo. Kriketi ilikuwa mali ya klabu za mijini, na klabu zilikuwa za rangi. Serikali ya uhuru iliunganisha shule za rangi zote kuanzia Januari 1962. TANU nayo ilifungua mlango kwa raia wa rangi zote mwaka 1963. Lakini ua wa klabu hauvunjwi na sheria ya shule peke yake. Huvunjwa na wenye klabu wakitoka nje, na watoto wakiingia ndani.

Hasara ya ua ule ilionekana mwaka 1975. Timu moja ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Walikuwa watu wa ridhaa. New Zealand iliwashinda kwa mikimbio 181. India iliwatoa wote kwa mikimbio 120, kisha ikaipita hesabu hiyo bila kupoteza wiketi hata moja. Uingereza iliwashinda kwa mikimbio 196. Hatuwacheki wachezaji wale, maana walisimama mbele ya mabingwa bila kukimbia. Twauliza swali moja tu: katika mamilioni ya watoto wa nchi zetu, ni wangapi waliopata kushika gongo hata wakachaguliwe? Waafrika weusi katika kikosi kile, kama John Nagenda na Sam Walusimbi wa Uganda, walihesabika kwa vidole.

Mlango ulipopanuka, mambo yaligeuka. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166. West Indies, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1975 na 1979, wakatolewa wote kwa 93. Nahodha wa Kenya alikuwa Maurice Odumbe, na Steve Tikolo alikuwamo. Na mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la rika lao. Wazee wao hawakupata kufika huko.

Sisi wa Machame tulijua somo hili kabla ya kuijua kriketi. Mfongo uletao maji vihambani haudumu kwa nguvu za mzee mmoja. Baba huenda kuusafisha pamoja na mwanawe, mtoto akajua pa kuziba na pa kufungua, hata siku baba atakapochoka maji yasikatike. Mzee anayeficha jembe lake atakufa na kiu.

Basi tunayo machache ya kudai. Kwanza, viwanja vya shule vilindwe. Mlimani kwetu migomba na kahawa vimebanana, na ardhi tambarare ni haba. Uwanja wa shule ukimegwa, haurudi. Kamati za shule na viongozi wa matawi walisimamie hilo bila kuoneana haya. Pili, klabu za mjini zisingoje vijana washuke Moshi kwa nauli wasiyo nayo. Zipande zenyewe, na magongo na mwalimu, wala zisipande siku ya kupiga picha tu. Tatu, wasichana wasiachwe kando ya uwanja kushangilia kaka zao. Nao wapewe gongo.

Kila mwaka klabu na icheze na shule, mbele ya wazazi. Mwaka wa kwanza klabu itashinda, na haitakuwa ajabu. Mwaka wa pili itatoka jasho. Siku itakapopigwa vibaya na watoto iliowafundisha yenyewe, sisi tutakuwapo uwanjani, na tutawapa mkono wazee kwanza.