Nyumba inamulinda nani? Vile mpangilio wa ndani unaweza kupunguza wizi

Saa nane ya usiku. Mbwa wanabweka, kisha mbao inang'olewa. Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Butembo, wakaaji wengi wanaijua sauti ile. Kukipambazuka, jibu ni lile lile: mwenye nyumba anaongeza kadena, anaita fundi wa chuma aweke antivoli kwenye madirisha, na akiwa na makuta anainua ukuta wa parseli na kupanda vipande vya chupa juu yake. Miezi inapita, na wezi wanarudi.

Hofu hiyo ina sababu zake. Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,000 walitoroka gereza la Kangbayi mjini Beni. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, wafungwa wa gereza la Munzenze nao walitoroka kwa wingi. Benki za Goma zilifunga milango, na feza iliyokuwa inalala benki ikaanza kulala nyumbani. Silaha nazo zimejaa katika mikono isiyofaa.

Kulinda raiya ni kazi ya wenye mamlaka, na hakuna ukuta unaoweza kuchukua nafasi yao. Lakini kuna swali ambalo kila familia inaweza kujiuliza: nyumba yenyewe, vile ilivyopangwa ndani, inamsaidia nani? Mwenye kulala ao mwenye kuingia?

Mlango mmoja, familia ngapi?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1972, huko Marekani, mchora ramani za majengo Oscar Newman alitoa kitabu juu ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Katika mji wa New York alilinganisha mitaa miwili ya nyumba za serikali, Brownsville na Van Dyke, ambayo barabara moja tu iliitenganisha. Wakaaji walifanana kwa hesabu na kwa hali ya maisha. Lakini Van Dyke, yenye magorofa marefu, ilikuwa na uhalifu mwingi kuliko Brownsville yenye majengo mafupi.

Katika mtaa wa Pruitt-Igoe, mji wa St. Louis, wenye majengo 33 ya gorofa 11, aliona jambo lingine. Mahali familia mbili tu zilitumia kibaraza kimoja, kilikuwa safi na salama. Mahali familia 20 zilitumia koridori moja, palikuwa pachafu na pa kuogopesha. Mahali pa watu wote pakageuka mahali pasipo mwenyewe. Wataalamu wengine walimpinga wakisema umasikini na usimamizi mbaya vina uzito pia, na hilo ni kweli. Hata hivyo, fundisho moja limebaki: mwizi anapenda mahali ambapo hakuna anayejisikia kuwa na haki ya kuuliza "Wewe ni nani, unatafuta nani?"

Hakuna haja ya gorofa 11 ili kuliona hilo. Parseli ya wapangaji inatosha: geti moja, njia nyembamba, milango sita ao nane mfululizo. Mgeni anapita mpaka mwisho, na kila mmoja anafikiri ni mgeni wa jirani. Anayejenga ao kutengeneza parseli ya namna hiyo anaweza kugawa mahali: familia mbili ao tatu zenye milango inayotazamana, kibaraza chao kidogo, na dirisha la jiko linaloangalia geti. Mama anayepika anaona anayeingia bila kutoka nje. Ukuta mrefu usio na tundu unafanya kinyume: mwizi akisha kuuruka, hakuna jirani anayemuona tena.

Njia ya juu ya plafo

Ndani ya nyumba, udhaifu mkubwa mara nyingi hauko mlangoni. Katika nyumba za vyumba vingi chini ya paa moja, ukuta unaotenganisha wapangaji unaishia kwenye plafo. Juu yake, mpaka kwenye manjanja, kuna nafasi tupu kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Chumba kimoja kikibaki bila mtu, mwizi anaingia mle, anapanda, anatembea juu ya mbao na kushuka kwa jirani. Mlango wa chuma wa jirani haumzuizi kitu. Kuinua ukuta ule mpaka ukutane na manjanja ni kazi ya siku chache kwa mwashi, na matofali si mengi.

Katika nyumba za mbao, ambazo ni nyingi Goma tangu lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji Januari 2002, shida ni misumari. Mbao ikipigiliwa kutoka nje, inang'olewa kutoka nje pia. Mafundi wenye uzoefu wanaongeza mbao za kukingama upande wa ndani, na wanafunga sehemu za chini kwa bulo ambazo nati zake ziko ndani. Mlango nao uangaliwe: bawaba zikiwa nje, mwizi hana haja ya ufunguo. Kadena inayoning'inia nje inatangaza kwa barabara nzima kwamba mwenyewe hayuko. Kitasa kinachofungwa ndani ya mlango hakisemi kitu.

Kuna pia mlango ambao wengi wanausahau, ule kati ya salo na vyumba vya kulala. Katika nyumba nyingi pale kuna pazia tu. Mlango mzito wenye komeo la ndani unafanya nyumba kuwa na vizuizi viwili. Wezi wakivunja wa kwanza, wanakuta televizyo na viti, lakini si watoto. Familia inapata dakika za kupiga filimbi na masufuria, kama inavyofanyika katika mitaa mingi, na za kuita shefu wa nyumba kumi.

Chuma kinachookoa, chuma kinachoua

Hapa ndipo familia nyingi zinakosea, na kosa hilo ni la uhai. Antivoli iliyochomelewa kwenye kila dirisha inazuia mwizi kuingia, lakini inazuia mtoto kutoka pia. Bukavu, katika mitaa iliyobanana ya Kadutu kama Nyamugo, moto umeteketeza nyumba nyingi mara kwa mara. Mshumaa unaanguka, waya za umeme zinaungua, na kwa muda mfupi salo inajaa moshi. Kama mlango mmoja tu unafunguka na moto uko upande ule, nyumba imegeuka gereza.

Dawa haina bei kubwa. Katika kila upande wa kulala, dirisha moja liwe na antivoli yenye bawaba, inayofunguka kutoka ndani. Ufunguo wake ukae kwenye msumari mmoja, mahali mtoto mkubwa anaufikia lakini mkono unaopita dirishani hauufikii. Familia nzima ijaribu kuifungua usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ukuta ulioinuliwa mpaka kwenye manjanja unasaidia hapa pia: ukiwa wa matofali, unachelewesha moto kuhamia kwa jirani. Kazi moja inapunguza hatari mbili.

Choo na kabini

Uhalifu si wizi peke yake. Katika parseli nyingi choo kiko nyuma kabisa, gizani, na mlango wake ni kipande cha gunia. Mwanamke ao msichana anayeamka usiku anapita peke yake mahali asipoonekana. Wanaochimba choo kipya wanaweza kukiweka mahali mlango wake unaonekana kutoka nyumbani, waweke komeo la ndani, na taa ndogo ya jua njiani. Mahali ambapo umeme unakatika kila mara, kupaka chokaa nyeupe kwenye kuta za koridori kunafanya hata mwanga mdogo ufike mbali.

Wenye kabini za kutuma feza na wabadilisha pesa wako katika hatari ya pekee. Wengi wanafunika kioo kwa matangazo na kuhesabia noti mbele ya mteja. Vizuri ni kinyume chake: barabara ione ndani, lakini sanduku la feza lisionekane. Meza pana inamzuia mteja asifikishe mkono, na feza nyingi isikae mahali pamoja mpaka saa ya kufunga.

Dakika chache, na baadaye?

Hakuna fundi anayeweza kuahidi kwamba mlango utasimamisha risasi. Mpangilio mzuri unawavunja moyo wezi wadogo, na mbele ya wenye silaha unanunua dakika. Dakika hizo zina faida tu kama jirani anaamka na kama kuna mtu wa usalama anayekuja akiitwa. Bila hilo, kila familia inajifungia peke yake, na masikini ndiye anabaki nje.

Tena, wengi wanaokaa katika nyumba hizi si wao waliozijenga. Mpangaji hawezi kuinua ukuta wa mtu mwingine. Lakini kuna siku moja ambapo neno lake lina nguvu: siku kabla ya kulipa garanti. Siku ile ainue macho atazame juu ya plafo. Atazame bawaba ziko upande gani. Aulize choo kiko wapi na nani ana funguo za geti. Halafu asimame katika chumba watakamolala watoto na kuuliza: moto ukianzia salo, watatokea wapi? Mwenye nyumba akikosa jibu, atengeneze kwanza, garanti ifuate.