Tumewatoa Wavulana Jandoni, Tumewapeleka Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tuanze na jambo tunaloliona kila Ijumaa katika misikiti yetu, kuanzia Kondoa na Chemba hadi Dodoma mjini, Kongwa na Mpwapwa. Mvulana wa miaka tisa amewahi. Ameoga, amevaa kanzu aliyonunuliwa sikukuu iliyopita, ameketi safu ya kwanza. Muda mfupi kabla ya khutba anaingia mtu mzima aliyechelewa, anamshika bega na kumwambia: "Wewe mtoto, nyuma huko." Mvulana anasukumwa safu ya tatu, kisha ya sita, mwishowe yuko barazani penye viatu. Huko akicheka na mwenzake, hukaripiwa na watu wazima watatu kwa pamoja. Baada ya miaka mitano haonekani tena msikitini, nasi tunaulizana: "Hivi vijana wetu wamepatwa na nini?"

Makala hii inasema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya lililowapata vijana hao limetoka mikononi mwetu. Tumewalea wavulana waogope kutokuwa wanaume, badala ya kuwalea wafurahi kwamba Allah amewaumba wanaume na kuwapa amana.

Jando tulilolipiga vita

Katika nyanda hizi za kati jando ni jambo la kale. Wagogo wamekuwa wakitahiri watoto wao wa kiume tangu zama za mababu, na ndugu zetu Warangi wa Kondoa, ambao wengi wao ni Waislamu, waliendelea na kumbi hata baada ya Uislamu kuingia majumbani mwao. Baada ya mavuno, kiangazi kinapokolea, wavulana walipelekwa porini, ngariba akafanya kazi yake, nao wakakaa huko mpaka vidonda vikauke.

Wahubiri wa harakati yetu walilipiga vita jando hilo, na walikuwa na haki. Kisu kimoja kilipita kwa watoto wengi. Nyimbo za matusi ziliimbwa mchana na usiku. Pombe ilinywewa kwa jina la furaha. Watoto walipigwa na kutishwa ili eti wakomae, na swala zilipita bila kuswaliwa. Aliyelia aliaibishwa, na aibu ile ikamfuata hadi uzeeni. Mambo hayo hayana nafasi katika dini ya Allah, na anayetaka kuyarejesha leo kwa jina la utamaduni hatutamuunga mkono.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Ndani ya jando lile mlikuwa na jambo moja ambalo mtoto alilihitaji: wanaume wazima waliacha shughuli zao, wakakaa naye siku nyingi, wakamwambia kwamba sasa yeye ni mmoja wao. Alifundishwa habari za mwili wake, heshima kwa wazee na wajibu wake kwa ukoo. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa shangwe na nguo mpya, na mama yake akamtazama kwa macho mengine.

Sisi tumeuondoa uovu wa jando, na pamoja nao tumeyaondoa mafunzo na mapokezi. Leo mtoto hupelekwa zahanati asubuhi, akatahiriwa kwa ganzi na vifaa safi, na mchana yuko nyumbani. Alhamdulillah kwa usalama huo. Je, ni nani anayekaa naye jioni ile akamweleza maana ya tohara? Ni nani anayemwambia kwamba ni katika mambo ya fitra, na kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) alitahiriwa akiwa mtu mzima kwa kumtii Mola wake? Mara nyingi hakuna. Baba amelipa gharama, akaona wajibu umekwisha.

Tuone haya mbele ya wenzetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Masasi, mmisionari wa Kianglikana Vincent Lucas, ambaye baadaye akawa askofu, aliliona jando lile lile. Alijua kwamba akilifuta na kuacha mahali patupu atawapoteza wavulana. Akaondoa alichokiona kibaya na kuweka mafunzo ya dini yake. Hatumsifu kwa itikadi yake, lakini tunajiuliza: iweje mmisionari aone umuhimu wa kumpokea mvulana anayekua, na sisi wenye Qur'an na Sunna tusione?

Walimu waliojaza pengo

Mahali tulipopaacha patupu hapakubaki patupu. Wapo waliopajaza. Mvulana hujifunza uanamume kijiweni kwa bodaboda, kwenye video za simu, na kwa wakubwa wanaomwonjesha bangi akiwa bado hajabaleghe. Husikia kwamba mwanamume halii, haombi radhi, haoshi chombo wala hamsikilizi dada yake. Akikosea shuleni au madrasa huambiwa "wewe ni kama mwanamke", kana kwamba mama yake aliyemzaa ni tusi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma na kufika Dar es Salaam kwa saa chache. Lakini safari ya kijana kuihama familia yake ilianza zamani, siku alipoona kwamba nyumbani na msikitini anahesabiwa kuwa kero.

Wapo watakaosema: "Mtoto wa kiume akibembelezwa atalegea." Maneno hayo si mapya. Al-Aqra' bin Habis alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume alimjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nasi tunaihubiri kila mwaka. Ni nani kati yetu aliyembusu mwanawe wa miaka kumi wiki hii?

Na wanaodai kwamba mwanamume halii, wakumbuke kifo cha Ibrahim, mwana wa Mtume. Macho yake matukufu yalitokwa na machozi. Abdurrahman bin Awf alipostaajabu, alielezwa kwamba hiyo ni rehema. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Na Mtume alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Huyo ndiye mwanamume. Mvulana aonyeshwe huyo.

Mtume na wavulana

Hebu tutazame jinsi wavulana walivyohesabiwa Madina. Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake ameketi mvulana na kushotoni wamekaa wazee. Alipomaliza kunywa alimwomba mvulana yule ruhusa ya kuwapa wazee kwanza. Mvulana hakukubali kuiacha haki yake ya kupokea kutoka kwa Mtume, naye Mtume akamkabidhi chombo mkononi. Mbora wa viumbe alimwomba mtoto ruhusa, na mtoto akasema hapana bila kuogopa bakora.

Amr bin Salama alikuwa na miaka sita au saba watu wake walipomfanya imamu, kwa kuwa alikuwa amehifadhi Qur'an kuliko wote. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda anaposujudu. Mwanamke mmoja alipolisema hilo, wale watu walinunua kitambaa wakamkatia kanzu. Amr mwenyewe alisimulia kwamba hakufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Bukhari ameipokea habari hiyo, na kwayo mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wakajuzisha uimamu wa mtoto mwenye kupambanua. Wale waliona upungufu wa mtoto wakamnunulia nguo; sisi tukiuona tunamfukuza.

Ni kweli, Mtume aliagiza wenye akili na busara wawe karibu naye katika swala. Agizo hilo linawahimiza watu wazima wawahi. Wapo wanazuoni waliobainisha kwamba halimpi aliyechelewa ruhusa ya kumng'oa mtoto aliyemtangulia, kwani Mtume amekataza mtu kumwinua mwenzake mahali alipokaa ili akae yeye.

Tazameni pia Qur'an. Nabii Ibrahim, katika Surat as-Saffat, alimweleza mwanawe ndoto yake kisha akamtaka atoe rai yake. Luqman, katika aya ya 13 hadi ya 19 ya sura yenye jina lake, alianza na tauhidi, akamalizia na mwendo na sauti, na kila mara alimwita mwanawe kwa upole. Na katika Surat an-Nisaa aya ya 6 tumeamrishwa tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona wamepevuka kiakili tuwakabidhi mali zao. Basi alama ya utu uzima ndani ya aya hiyo ni kupevuka akili na kuaminiwa. Kelele na vipigo havikutajwa.

Tufanye nini?

Kwanza, kila baba amfundishe mwanawe mwenyewe. Hadithi ya kuamrisha swala inataja mwaka wa saba kabla ya mwaka wa kumi. Wengi wetu tunaikumbuka fimbo ya mwaka wa kumi na kuisahau miaka mitatu ya mafunzo iliyotangulia.

Pili, habari za kubaleghe zisemwe mapema, kwa lugha safi ya fiqhi. Mvulana wa miaka kumi na tatu asiamke usiku kwa hofu asijue kwamba kilichomtoka ni jambo la kawaida, wala asijue josho la janaba. Ummu Sulaym (r.a.) aliuliza mbele ya Mtume habari za kuota, akatanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki. Haya ya baba inayomwacha mwana gizani si haya ya kidini.

Tatu, mvulana apewe amana inayolingana na umri wake: ahesabu mbuzi wanaporudi zizini, apelekwe sokoni na fedha arudi na hesabu, aadhini Alasiri, amhudumie bibi yake mgonjwa. Akifanya vizuri aambiwe. Akikosea arekebishwe bila kutukanwa. Anas (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi na hakusikia hata neno la kuchoshwa naye.

Nne, kamati za misikiti zitenge wakati wa likizo, wavulana wakae na wanaume waadilifu siku kadhaa, wafundishwe tohara, swala, heshima kwa mama na dada zao, na kazi za mikono. Wazazi wajue mahali na walimu, na milango iwe wazi. Wakimaliza, jamaa iwapokee kwa dua na chakula. Hilo halihitaji ngoma wala pombe.

Ndugu Waislamu, tuliwaambia watu wetu waache jando, wakatusikia. Siku ya Kiama tutaulizwa tuliwapa nini badala yake. Ijumaa ijayo, ukimkuta mvulana ametangulia safu ya kwanza, kaa pembeni yake, mpe salamu, na umuulize jina lake.

Wabillahi tawfiq.