Ziara ya Ngomeni Isiwe Matembezi Matupu

Kila mwaka mabasi ya shule kutoka pembe mbalimbali za Kenya humiminika kisiwani Mombasa, na aghalabu pahali pa kwanza kuzuriwa huwa ni Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji wa Mvita huiita Ngomeni. Wazazi wengi huwa wamejinyima mengi ili kulipia safari hiyo. Swali ninalotaka kuwauliza walimu wenzangu ni hili: mtoto huyo akirejea nyumbani, hurejea na nini?

Nimewahi kufuatana na kundi la wanafunzi wa shule moja ya upili ndani ya Ngome hiyo. Waliwasili saa saba mchana, jua likiwa la utosi. Wengi hawakuwa na maji ya kunywa. Kila mmoja alishika daftari, akinakili neno kwa neno maandishi aliyoyakuta ukutani. Baada ya muda usiotimia saa moja filimbi ilipulizwa, wakapiga picha mbele ya mzinga, wakapanda basi. Kabla hawajaondoka nilimwuliza mmoja wao Ngome ile ilijengwa ili kumzuia nani. Alinijibu kwa adabu kwamba swali hilo halikuwamo katika orodha waliyopewa. Sikumlaumu mtoto huyo hata kidogo.

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini methali hiyo haikutungwa ili iwe kisingizio cha mwalimu kutojiandaa. Ziara ya masomo ni somo kama masomo mengine, nayo yahitaji maandalizi, utekelezaji na tathmini. Maandalizi yenyewe ni ya aina mbili: ya akili na ya mwili.

Tuanze na ya mwili, kwani mwanafunzi aliyechoka na mwenye kiu hafundishiki. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwalimu mwenye busara atalifikisha kundi lake mapema asubuhi, kwa sababu ua wa ndani uko wazi na mawe yake hurudisha joto kali adhuhuri. Wanaosafiri kwa reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017 wakumbuke kwamba kituo cha treni kiko Miritini, bara, wala si kisiwani. Yafaa basi la kuwavusha liwe limeagizwa kabla. Ada za kiingilio hutofautiana baina ya wanafunzi, watu wazima na wageni wa nchi za nje, na hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hivyo shule iwasiliane na wasimamizi mapema, iulize ada na njia ya kulipa, na itangaze siku ya kufika na idadi ya watoto. Akitakiwa mwongozaji, atafutwe kupitia wasimamizi hao, na malipo yake yakubaliwe kabla ya kuanza kutembea.

Isitoshe, wanafunzi wavae viatu visivyoteleza, kwani zimo ngazi na njia za mawe yaliyolainishwa na nyayo za miaka mingi. Wasikimbie juu ya kuta zinazoelekea baharini. Wasiguse michoro iliyoachwa ukutani na mabaharia wa Kireno, kwa maana jasho la mkono huiharibu. Kundi kubwa ligawanywe katika makundi madogo, kila moja na mwalimu wake. Wakitoka hapo kuingia Mji wa Kale, ambao umepakana na Ngome, wavae mavazi ya heshima na waombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mtaa ule ni makazi ya watu, si maonyesho.

Maandalizi ya akili ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Mwanafunzi afike langoni akiwa tayari anajua kwamba Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Italia, ili kulinda bandari na njia ya biashara ya kwenda Bara Hindi. Ajue kwamba mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa na Wareno hao hao, aliwaasi na kuitwaa. Ajue kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, yapata miezi 33, na kwamba njaa na maradhi ndivyo vilivyowaua wengi waliokuwa ndani kuliko mizinga. Baadaye ikawa makao ya magavana wa Kimazrui, kisha mwaka 1837 ikaingia mikononi mwa Sayyid Said. Waingereza waliigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwanafunzi aliyeyajua haya darasani hatakuwa na haja ya kunakili ukuta. Atakuwa na nafasi ya kutazama na kuuliza. Atapoviona vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama karibu na Ngome mwaka 1697, atatambua kwamba ni mabaki ya mzingiro ule ule aliousoma. Atakaposikia kwamba kamanda Mreno alipokufa katikati ya mzingiro huo, aliyeshika uongozi wa Ngome alikuwa Bwana Daud, Mswahili wa Faza, atashtuka. Na ashtuke! Wengi wetu tumefundishwa kwamba vita vile vilikuwa ugomvi wa wageni wawili, Mreno na Mwarabu, huku Mswahili amekaa kando akitazama. Kumbe Mswahili alikuwa ndani ya kuta na nje ya kuta, akipima maslahi ya mji wake kama ambavyo mwanasiasa yeyote hupima.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, Ngome ni darasa ambalo halina mfano. Ni wapi kwingine mwanafunzi atakapoonyeshwa kwa kidole maana ya maneno lango, handaki, buruji, birika na mzinga, vyote katika uwanja mmoja? Maneno haya huyakuta katika tenzi na riwaya, akayapita kama apitaye mawe njiani. Akisimama juu ya buruji na kuona jinsi ilivyochomoza ili askari aweze kuulinda ukuta wa pili, hatalisahau neno hilo maishani.

Tulichukue neno moja tu, gereza. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa, kwani ndani ya Ngome palikuwa na kanisa. Katika pwani yetu neno hilo likaja kutumiwa kwa maana ya ngome. Hata leo ngome iliyoko Kilwa Kisiwani, Tanzania, huitwa Gereza. Ngome zilipotumiwa kuwafungia watu, maana ikahama tena, ikawa mahali pa wafungwa. Kanisa, ngome, jela: historia ya karne tatu imelala ndani ya neno moja ambalo mtoto hulitamka bila kufikiri. Mwalimu aongeze meza, leso, bendera, kasha na karata, ambayo pia yatoka kwa Wareno, awaulize wanafunzi kwa nini ufalme ule uliondoka na mizinga yake lakini ukaviacha vyombo vya nyumbani katika lugha yetu. Hilo ni swali la insha nzima.

Mwalimu anayefundisha ushairi naye ana fungu lake. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, aliishi wakati wa Wamazrui, na mivutano baina yao na Sayyid Said ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya tungo zake za kisiasa. Kulisoma shairi lake katika kivuli cha kuta zile ni tofauti kabisa na kulisoma kwa ajili ya mtihani.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani unangoja. Lakini haya niliyoyataja hayahitaji fedha wala siku za ziada. Yanahitaji vipindi viwili kabla ya safari, ukurasa mmoja wa maelezo na kipindi kimoja baada ya kurejea. Na ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Itakuwa ajabu iwapo mwanafunzi wa Kenya, akiwa Mvita, mji ulioikuza lugha hii, atalazimika kuelezwa habari za mji huo kwa lugha ya kigeni kwa sababu tu mwalimu wake hakuomba Kiswahili. Tuombe. Mwongozaji wa Mombasa atafurahi kueleza kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye, na atasema mengi ambayo hayamo katika maelezo aliyoyazoea kuwapa watalii.

Kuta za Ngomeni zimewaona Wareno, Waomani, Wamazrui na Waingereza wakija na kuondoka. Sasa ni zamu ya watoto wetu kuingia kwa lango lile lile, wao wakiwa wenyeji. Tusiwaache waingie kama watalii na kutoka na picha ya mzinga peke yake.