Anayekuamuru Ujitolee

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliingia ofisini kwangu, akanisalimu kwa heshima, kisha akaniwekea fomu mezani. Fomu ilinitaka nithibitishe kwa saini kwamba amejitolea katika jamii kwa saa 60. Nilipomuuliza alifanya kazi gani na wapi, aliinamisha kichwa. "Mwalimu, kusema kweli bado sijaanza. Lakini maombi yanafungwa Ijumaa." Sikutia saini. Hata hivyo sikumkaripia, kwa sababu uongo ule hakuubuni yeye. Umebuniwa na watu wazima, wenye vyeo na mihuri, waliogeuza kujitolea kuwa sharti.

Kiswahili kilikwisha kutuonya. Katika neno kujitolea mna kiambishi -ji-: mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Anayekuamuru ujitolee ameharibu sarufi kabla hajaharibu haki.

Nieleweke vizuri. Sipingi vijana wa vyuo kufanya kazi bila ujira kwa ajili ya majirani zao. Nimewaona wanaoifanya kazi hiyo, na nimetoka kwao nikiwa mnyonge kidogo. Ni marafiki wanne wa Mbagala, waliocheza chandimu pamoja utotoni. Mmoja anasomea ualimu, mwingine uhandisi, wa tatu uuguzi, na wa nne yuko VETA akijifunza umeme. Tangu likizo ndefu ilipoanza wamekuwa wakifundisha hesabu na fizikia jioni, siku nne kwa wiki, kwenye baraza la bibi wa mmoja wao. Yule wa umeme ndiye aliyetundika taa. Ubao ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Vitabu vya sekondari vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini pale maelezo yanatolewa kwa Kiswahili, na mara watoto wanagundua kwamba hawakuwa wajinga wa hesabu. Walikuwa wageni wa lugha. (Jambo hili tumelisema kwa miongo kadhaa, na bado tunalisemea barazani.)

Hawana fulana zenye nembo. Hawana bango. Wanacho kitu ambacho ripoti haiwezi kukipima: wanajulikana. Nikiwa pale, mama mmoja muuza vitumbua alimkabili mhandisi mtarajiwa mbele ya watoto wote. "Juzi hukutokea, mwanangu. Mdogo wako amekusubiri hapa mpaka saa tatu usiku." Kijana aliomba radhi, akamfundisha yule mdogo wake peke yake mpaka giza likaingia. Sijawahi kuona mkaguzi mwenye mamlaka makubwa kuliko mama yule.

Sasa mtazame binti mwingine. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Alihitimu shahada ya ualimu miaka mitatu iliyopita. Anafundisha vipindi 24 kwa wiki katika shule ya sekondari ya umma, anasahihisha, anashika zamu, anasimamia mitihani ya majaribio. Hana mkataba wala mshahara. Wazazi wakichanga, anapata nauli, wasipochanga, anatembea. Shuleni anaitwa mwalimu wa kujitolea. Nilimuuliza kwa nini haachi. Alinijibu kwamba akiacha atapoteza nafasi yake katika foleni, maana ameambiwa kuwa wanaojitolea watafikiriwa kwanza ajira zikitoka.

Kijana wa Mbagala akichoka kesho, atamwomba radhi mama wa vitumbua na maisha yake yataendelea. Binti huyu akichoka, hana pa kuombea radhi. Ameshikwa shingo na matumaini. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni dhuluma kwa wote wawili: tunamnyima binti mshahara, na tunawanyima vijana wa Mbagala heshima ya jina lao.

Wasomaji wangu wazee wataniambia kwamba nchi hii ilijengwa kwa kujitoa. Ni kweli, na ndiyo maana historia tuisome yote. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walitakiwa kulitumikia taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwakasirikia, akawafukuza kwa mamia. Tunapenda kuishia hapo, kwa sababu hapo kijana ndiye mkosaji. Tunasahau kwamba siku hiyohiyo Rais alijikata asilimia 20 ya mshahara wake, na wakubwa wa serikali nao wakakatwa. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule. Mimi ningekuwa mwanafunzi wakati huo, huenda ningeandamana. Lakini dola ilidai kwa sheria, ikataja muda, ikataja malipo, na aliyedai naye akatoa. Binti yangu huyu halipwi hata hiyo asilimia 40 iliyowatia watu barabarani. Muda wake hautajwi popote. Na sijasikia ni mkubwa gani aliyejikata chochote ili kumsindikiza.

Najua jibu la ofisini. Tangu elimu ilipofanywa bila ada mwaka 2016, madarasa yamefurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Bajeti haitoshi. Tena, vijana wanapata uzoefu. Hoja ya kwanza ni ya kweli, nami siwaonei watumishi wanaohangaika nayo. Ya pili ni kejeli. Uzoefu wa miaka mitatu wa kazi ileile, katika chumba kilekile, unaitwa utumishi. Na tujiulize ni nani anayeweza kumudu foleni hiyo. Ni yule ambaye baba yake anamlisha na kumlaza. Mtoto wa mkulima wa Kishapu au wa mvuvi wa Kilwa, ambaye nyumbani wanamsubiri yeye ndiye alishe, hataweza kufanya kazi miaka mitatu bila senti. Ataacha, ataendesha bodaboda, kisha mwenye usaili atasema hana moyo wa kujitolea. Kwa hiyo sharti linalojidai kupima uzalendo linapima mfuko wa mzazi.

Nami nina sehemu yangu. Kabla ya fomu ya wiki iliyopita nimesaini nyingine nyingi bila kuuliza swali, kwa huruma, nikidhani nawasaidia. Nilikuwa naisaidia fomu. Wenzangu wahadhiri, hebu tuulize; na mkikuta kijana amelazimika kudanganya, andikeni barua kwa aliyemlazimisha.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa: jina likiwa kwenye ratiba ya vipindi muhula mzima, huyo ni mfanyakazi wako. Mpe mkataba, hata wa muda, hata wa fedha kidogo. Ukishindwa, basi usiuhesabu mwaka wake kama kipimo cha kumwajiri mwingine. Na wale wanaokusanyika na marafiki zao kwa hiari, waache wabaki wa hiari. Hawahitaji kurasimishwa.

Nasema hivi kwa sababu ya kilichotokea Mbagala. Mvua ilipowanyeshea barazani, vijana wale wanne walikwenda kuomba chumba kimoja cha darasa katika shule ya jirani, ambayo kuanzia saa kumi na moja jioni huwa tupu. Wakaambiwa waandike barua. Wakaandika. Wakaambiwa walete katiba ya kikundi, orodha ya viongozi na taarifa ya utekelezaji. Siku ya kuwasilisha, ofisa mmoja alitoka nje, akasimama katikati yao, na picha ikapigwa. Nimeonyeshwa, wote wanatabasamu. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Ufunguo wa darasa haujatoka.